Goti la Royce

Huko Weidner, Kansas, kijana akiangushwa kwenye mechi ya mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa mikononi, kuna utaratibu wa nani amwinue. Mpokeaji akianguka anajizoazoa mwenyewe, na mkimbiaji vivyo hivyo. Lakini kwotabeki, yule anayekabidhiwa mpira kila mchezo unapoanza ili aurushe, na ambaye upande wa pili wote umekuja kumvunjavunja kabla hajaurusha, huyo huinuliwa na walinzi wake watano wa mbele, na hao tu. Sheria hiyo haijaandikwa popote. Mtoto anaikuta uwanjani akiwa darasa la tatu, na hata akizeeka na kitambi chake anaenda nayo kaburini. Ukiona kwotabeki amelala chini na walinzi wake wanatazama pembeni, usiulize mengi. Ujue kuna jambo.

Kellan Novotny, kwotabeki wa chuo cha Weidner, kijana wa mwaka wa pili, alikuwa akijiinua mwenyewe tangu katikati ya Oktoba.

Wala hakuna kikao kilichoitishwa. Ilikuwa mechi dhidi ya Pruitt, wakiwa nyumbani, upepo ukivuma kama kawaida yake, na Kellan alipewa mpira akasubiri. Kusubiri ndiko kulikompa sifa. Baba yake, Gene Novotny, mkulima wa ngano mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alimlea kwenye imani kwamba mpira unatupwa nje na waoga. Mwanamume anakaa pale pale mpaka mtu wake afunguke huko mbele. "Kaa hapo! Kaa!" ndiyo iliyokuwa salamu ya mzee kutoka jukwaani, Jumamosi hadi Jumamosi. Basi Kellan akakaa. Alikaa mpaka mvamizi mmoja wa Pruitt akapenya katikati, akambeba mzima mzima, akambwaga juu ya mguu wa Royce Ledbetter, mlinzi wa kushoto, ambaye alikuwa bado amesimama akipambana na mtu wake bila habari ya kinachotokea nyuma. Goti la Royce likaenda upande ambao goti haliendi. Kellan hakulisikia kwa masikio. Alilisikia kwa mgongo, kwa sababu mgongo wake ndio uliolivunja.

Royce alikuwa mwaka wa nne. Mwezi ule walikuwa wameanza kuja watu wa ligi ya kulipwa, wenye kofia safi na saa za mkononi, wakimpima kwa macho jinsi watu wanavyopima fahali mnadani. Baada ya siku ile hawakuonekana tena.

Tangu hapo Kellan alikufa ganzi. Watu walidhani ana huzuni, na yeye mwenyewe angefurahi kama ingekuwa huzuni, maana huzuni ina mwisho wake. Hii haikuwa na kitu ndani. Alikula asionje. Alioga maji ya moto mpaka ngozi ikawa nyekundu, ndipo akagundua kwamba ni ya moto, kwa kuona. Mama yake akipiga simu alimjibu vizuri kabisa, na akikata hakukumbuka walichozungumza.

Jumatatu moja Darlene, mama mtu mzima anayewafunga bandeji wachezaji wote wa Weidner na kuwatukana wakati huo huo, alimbonyeza mbavu za kushoto.

"Inauma?"

"Hapana."

"Novotny, hapa pamekuwa zambarau. Nakuuliza tena. Inauma?"

"Hapana, mama."

"Basi wewe ama ni mwongo ama ni maiti," Darlene alisema, akavuta bandeji kwa nguvu ili ajiridhishe. Kellan alitazama ukutani.

Mechi ya kwanza bila Royce aliangushwa mara tano. Mara ya kwanza alilala chali, kwa mazoea, akingoja mikono. Haikuja. Penner, mlinzi wa kati, jitu lenye ndevu nyekundu linalotoka kwenye familia ya wachungaji wa kanisa, alikuwa ameinama akifunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Wengine watatu walikuwa wakitazama ubao wa matokeo. Mtoto mpya, Mateo Quezada, aliyewekwa kushoto mahali pa Royce, alipiga hatua moja kumwendea.

"Quezada!" Penner aliita, bila hata kuinua kichwa.

Mateo akarudi. Kellan akajiinua, akajipangusa, akaenda kusimama mahali pake. Hakukasirika. Alifikiri tu: kumbe ndivyo itakavyokuwa.

Kisha ikaja Alhamisi. Pale Weidner Alhamisi jioni kwotabeki huwalisha walinzi wake, maana mtu akikuwekea mwili wake mbele wiki nzima, angalau mjaze tumbo. Kellan hakuwa na haja ya kwenda hotelini. Mama yake alioka biroki, mikate laini iliyoshindiliwa nyama ya kusaga, kabichi na pilipili manga, na mzee Gene aliendesha gari maili arobaini na sinia mbili zimefunikwa taulo kwenye kiti cha pembeni, akizifunga mkanda kabisa. Siku hiyo sinia zilikaa mezani kwenye ukumbi wa bweni mpaka mvuke ukaisha. Kellan akampigia Penner.

"Leo hatuwezi," Penner alisema. "Tuna mtihani."

"Wote watano?"

"Wote watano."

"Mtihani wa somo gani?"

Kudanganya hakukuwa kipaji cha Penner. "Wa masomo," alisema, akakata simu.

Wiki iliyofuata wakawa na mtihani tena. Chuo cha Weidner hakijawahi kuwa na wanafunzi wenye bidii namna ile.

Kellan hakuwa mjinga. Alijua anachoweza kupoteza. Kwotabeki anaweza kupoteza mechi akabaki na timu yake, lakini akiwapoteza watano wake hana kitu, ana fulana tu. Na alijua jambo la pili, baya zaidi: akiendelea kusubiri vile, goti la Mateo litafuata. Aliyajua yote mawili jinsi mtu anavyojua kwamba kesho ni Jumanne. Hayakumgusa popote.

Kocha Hargis alimwita mazoezini mapema. Hargis alikuwa mfupi, mnene, na mashavu yake siku zote yalikuwa yamejaa mbegu za alizeti, akitema maganda kwenye kikombe cha karatasi hata anapohubiri.

"Unajua ugonjwa wako?" Hargis aliuliza.

"Nashika mpira muda mrefu, kocha."

"Hilo hata mke wangu analijua, naye huja uwanjani kuuza pipi. Nakuuliza ugonjwa, siyo dalili." Akatema ganda. "Ugonjwa wako ni hiyo jezi nyekundu."

Mazoezini kwotabeki huvaa jezi nyekundu, na aliyevaa nyekundu haguswi. Mvamizi akimfikia anampapasa begani na kupita. Wanafanya hivyo wasimwumize kabla ya Jumamosi. Nia nzuri, matokeo ovyo. Wiki nzima kijana anasimama pale kama bwana harusi, anasubiri anavyotaka, anarusha, watu wanapiga makofi. Jumamosi anavua nyekundu na kukutana na watu ambao hawakualikwa kwenye harusi. Wamekuwa wakiwalea hivyo makwotabeki wao miaka nenda rudi, na kila msimu wanashangaa.

"Ivue," Hargis alisema.

Akaweka matairi manne ya trekta kufanya chumba kidogo cha nyasi, akamsimamisha Kellan katikati. Wasaidizi wawili wakashika mifagio ya kufagilia zizi, ile yenye manyoya magumu. Gari la Hargis liliegeshwa pembeni, mlango wazi, mkono wa kocha kwenye honi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Kellan anapewa mpira, anahesabu sekunde kimoyomoyo, elfu moja, elfu mbili, elfu tatu. Mifagio inamjia popote, usoni, mbavuni, miguuni. Asigeuke kuitazama. Macho mbele, miguu ihame yenyewe. Honi ikilia, mpira uwe umeondoka: kwa mtu, au nje ya mstari, nyasi zitaupokea.

Miguu alijifunza upesi, tena vizuri. Baada ya siku chache alikuwa akikwepa mfagio asiouona, hatua ndogo mbele, bega linashuka, hatua kushoto, mpira uko juu kifuani kwa mikono miwili. Hargis aliacha hata kutema maganda akamtazama. Lakini honi ililia, na mpira ulikuwa bado mikononi. Ililia tena, na tena. Ng'ombe wa jirani walizoea, wakaacha kukimbia.

"Achia!" Hargis alipiga kelele. "Achia, we kichwa ngumu! Unaulinda kama yai! Huko mbele hakuna mtu, utupe!"

"Nilidhani atafunguka, kocha."

"Nani? Huko kuna mti! Unamsubiri mti afunguke?"

Wasaidizi walicheka. Kellan akasema samahani, akarudi katikati ya matairi. Alitaka kuachia. Kichwani alikuwa ameshaachia. Lakini mkono ulikuwa na habari zake, na kila honi ilipolia alimsikia mzee Gene jukwaani, na vidole vikakaza.

Hargis mwishowe alishuka kwenye gari, akamshika kiganja na kukikunjua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto mkasi.

"Miguu imehitimu," alisema. "Mkono bado. Na Jumamosi ndiyo ya mwisho, tena ni Pruitt, tena kwao. Mimi sina mfagio mwingine."

Alhamisi ile, ya mwisho ya msimu, sinia zilipopoa tena mezani, Kellan alichukua moja akaibeba hadi bweni la wazee wa mwaka wa nne, akagonga mlango wa Royce. Hakuwa amefika pale tangu Royce atoke hospitali. Hakuwa na hotuba. Alikuwa na biroki ishirini na mahali pa kuzipeleka hana.

"Mlango uko wazi," sauti ya Royce ilisema.

Royce alikuwa amekaa kitandani, mguu umenyooshwa ndani ya vyuma na mikanda, magongo yameegemea ukuta. Alikuwa amepungua. Mtu wa kilo mia moja na arobaini akipungua, shati ndilo linalosema.

"Nimekuletea chakula," Kellan alisema.

"Naona. Weka hapa. Kama umekuja kuomba msamaha, geuka nao mpaka huko ulikotoka, biroki uziache."

"Sikuja kuomba—"

"Vizuri, maana sijakusamehe. Nitakusamehe nikijisikia. Labda mwezi wa tano." Royce aliuma biroki, nusu ikapotea. "Mama yako ameongeza pilipili. Mwambie asipunguze."

Kellan alisimama katikati ya chumba. Royce alikula ya pili akimtazama kutoka juu hadi chini.

"Nasikia Hargis anakupigia honi."

"Ndiyo."

"Na huachii."

"Siachii."

"Ulikuwa unasubiri nini siku ile? Nimelala hapa wiki sita najiuliza. Sikuulizi kwa ubaya. Nataka kujua tu."

Kellan alifikiri. Alitaka kutoa jibu la kweli, na la kweli lilikuwa dogo mno. "Nilidhani nikiutupa mtaniona mwoga."

Royce aliacha kutafuna. Akacheka, kicheko kifupi kisicho na raha.

"Tukuone? Tukuone kwa macho gani, bwana? Hebu geuka. Geukia mlango. Piga magoti nusu, mkono mmoja chini, kama mimi nilivyokuwa nakaa. Shuka zaidi, hujengi nyumba. Haya. Mtu wako yuko mbele, pale mlangoni, ana kilo mia na ishirini na anataka kukupita. Mtazame huyo. Ukimwacha kidogo tu amekwenda."

Kellan akakaa hivyo, macho kwenye kitasa cha mlango. Nyuma yake alisikia kitanda kikilia, kisha hakusikia kitu tena.

"Sasa niambie," Royce alisema, "mimi niko wapi?"

"Nyuma yangu."

"Nyuma wapi? Kulia? Kushoto? Nimekaa, nimesimama? Mpira ninao au nimeshautupa?"

"Sijui."

"Hujui. Endelea kumtazama mtu wako."

Kellan alitazama kitasa. Bado hakujua mwenzake yuko wapi nyuma huko, wala anafanya nini, wala ataacha lini. Kisha kitu kigumu kikamgusa nyuma ya goti la kushoto, polepole, pale penye mkunjo. Ilikuwa ncha ya gongo. Haikusukuma. Ilikaa tu.

Kellan aliruka akagonga paji la uso mlangoni.

"Ndivyo ilivyo," Royce alisema. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, jasho jembamba kwenye mdomo wa juu. "Hakuna anayekuona, Kellan. Baba yako anakuona, jukwaa linakuona. Sisi tunajua kitu kimoja tu, kuhesabu. Tunahesabu mpaka tatu, na mpaka tatu hapiti mtu, nakuapia. Baada ya tatu tunasikilizia nyuma ya magoti." Akajirudisha kitandani kwa shida. "Mateo anahesabu kwa Kihispania. Ni ile ile tatu. Sasa nenda, nataka kula."

Kellan alikwenda. Njiani upepo ulimpiga usoni na hakuuhisi, lakini nyuma ya goti la kushoto palikuwa na alama ndogo ya duara, na hiyo aliihisi mpaka alipolala.

Jumamosi, Pruitt. Wenyeji walikuwa wengi, wamevaa njano, wamelewa vya kutosha. Mzee Gene alikaa safu ya nne, nyuma kabisa ya benchi ya Weidner, kofia yake ya duka la mbegu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Ilikuwa mechi mbaya, ya matope, ya kusukumana. Kellan alikwepa. Miguu ilifanya yote iliyofundishwa kwenye matairi. Wavamizi wa njano walimpita wakikumbatia hewa, na hata watu wa Pruitt waliguna. Aliangushwa mara mbili tu mchana kutwa. Mara zote mbili alijiinua.

Mwishoni kabisa Weidner walikuwa nyuma kwa pointi moja, na mpira ulikuwa wao, karibu yadi ishirini na tano kutoka mstari wa Pruitt. Sekunde kumi na moja. Hawakuwa na ruhusa ya kusimamisha saa tena. Hargis alimvuta Kellan kwa mkanda wa kofia, mdomo karibu na sikio.

"Mpokeaji ni Corwin, atakimbilia kona. Akifunguka, mpe, tumeshinda, twende nyumbani. Asipofunguka, tupa nje, saa itasimama, mpigaji wetu ataupiga kwa mguu kati ya nguzo, pointi tatu. Kitu kimoja tu usinifanyie. Ukiangushwa na mpira mkononi, saa inaisha na sisi tumeisha. Umenielewa?"

"Ndiyo, kocha."

"Wewe huwa unanielewa sana," Hargis alisema, akamsukuma uwanjani.

Kati ya watano hakuna aliyemtazama alipowasomea mchezo. Penner alisema "twende," basi. Wakajipanga. Kellan akaona migongo mitano mipana yenye matope, ikishuka kwa pamoja, mkono mmoja mmoja chini. Alikuwa ameiona migongo ile maisha yake yote ya chuo. Leo alitazama chini zaidi, kwenye magoti.

Mpira ukaja mikononi.

Elfu moja. Mvamizi wa kulia alizungushwa nje. Elfu mbili. Mmoja alichomoza katikati, Kellan akasogea hatua, yule akapita akigusa bega tu. Huko mbele Corwin aligeuka kuelekea kona, na beki wake akateleza kwenye matope, akaenda chini. Corwin alikuwa anafunguka. Alihitaji hatua tatu tu awe peke yake kabisa, yeye na kona nzima ya uwanja. Kellan alimwona wazi, jinsi mtu anavyoona kikombe mezani. Kutoka safu ya nne ikaja ile sauti, ikipita juu ya sauti zote: "Kaa! Kaa hapo!"

Na kushoto aliona mguu wa Mateo. Ulikuwa umechimba matopeni, umekaza, goti limeingia ndani kidogo, na mtu wa Pruitt amemwegemea kwa uzito wake wote. Mwingine alikuwa akija kwa Kellan kutoka upande wa pili, kwa kasi, ameshafungua mikono. Angefika. Angembeba na kumbwaga, na pa kumbwaga palikuwa pale tu, juu ya mguu ule.

Elfu tatu.

Akaachia. Mpira uliruka chini chini, mbali na Corwin, mbali na kila mtu, ukavuka mstari wa pembeni na kugonga ndoo ya maji kwenye benchi. Mara hiyo hiyo yule mtu akamfikia, akampiga mbavu za kushoto na kumlaza. Lakini Kellan hakuwa tena na mpira wa kumfanya yule ambebe, na refa alikuwa anapuliza. Walianguka pale pale, na mguu wa Mateo ukabaki umesimama.

Jukwaa lilizomea. Watu wachache wa Weidner waliosafiri ndio waliozomea zaidi, maana na wao walikuwa wamemwona Corwin, amesimama peke yake kwenye kona, mikono juu, akiuliza mbingu. Kellan alilala chali akatazama wingu. Akavuta pumzi ili ajiinue.

Mkono ukaja. Ulikuwa na matope mpaka kwenye kiwiko, na nyuma yake kulikuwa na ndevu nyekundu.

"Inuka," Penner alisema. "Tatu kamili. Hata mimi nimeshangaa."

Kisha mkono mwingine, na mwingine. Mateo alimshika kwapani akamnyanyua juu mno, mpaka miguu ikaacha ardhi, kwa kuwa alikuwa bado mgeni kwenye kazi hiyo na hakujua kipimo chake. Watano wote walikuwa pale. Watano wote walikuwa wamesimama.

Mpigaji wa Weidner akapiga. Mpira ulipanda vizuri, upepo ukaushika, ukagonga nguzo ya kulia na kurudi uwanjani. Ndiyo hivyo. Walipoteza kwa pointi moja, na msimu ukaishia hapo, kwenye matope ya watu wengine.

Nje, kwenye maegesho, mzee Gene alikuwa ameshusha mlango wa nyuma wa gari na kuweka sinia mbili juu yake. Mama alikuwa ameoka kwa mara ya mwisho mwaka huo, na chakula hakirudishwi nyumbani. Mzee hakumkumbatia mwanawe. Alisubiri Kellan afike, begi begani.

"Alikuwa wazi," mzee alisema. "Corwin. Wazi kabisa."

"Nilimwona, baba."

"Ulimwona?" Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Sasa kama ulimwona, kwa nini usikae? Nusu sekunde tu. Mimi nimekulea hivyo? Unatupa mpira kwenye ndoo, watu wanacheka?"

Kellan alishusha begi chini. Nyuma ya mzee walikuwa wanakuja, watu watano wakubwa wenye nywele mbichi, na wa sita katikati yao kwa magongo. Royce alikuwa amesafirishwa kwenye basi la timu, mguu umelazwa kwenye viti viwili. Walifika wakalizunguka gari. Hakuna aliyemsalimia mtu. Penner aliinua taulo.

"Leo hamna mtihani?" Kellan aliuliza.

"Tumefaulu," Penner alisema, mdomo umejaa tayari.

Walikula wamesimama, biroki za baridi, upepo ukipeperusha makombo. Mzee Gene aliwatazama mmoja mmoja, akafika kwa Royce, akayaona yale magongo, akatazama mguu. Alikuwa na neno mdomoni. Alilimeza, akachukua sinia ya pili na kuisogeza karibu na Royce ili asinyooshe mkono mbali.

Mateo alimpa Kellan biroki moja. Akaiuma. Mwanzoni haikuwa kitu, kama wiki zote zile. Kisha pilipili ikamkamata nyuma ya ulimi, kali, na kabichi na chumvi vikaja nyuma yake, na akasimama na mkate mdomoni bila kutafuna, akiogopa isije ikaondoka.

Royce alihama kutoka gongo moja hadi jingine, akakaribia. Akaweka kiganja chake kizito kwenye mbavu za kushoto za Kellan, pale penye zambarau, pale alipopigwa, akabonyeza.

"Inauma?" aliuliza.

Kellan akataka kusema hapana, kwa mazoea. Machozi yakamtoka mbele ya baba yake na mbele ya watu wa Weidner waliolizunguka gari, na hakuweza kuyazuia, wala hakujaribu.

"Inauma," alisema. "Royce, inauma sana."

"Haya," Royce alisema, na mkono hakuutoa.